Kimya cha Folkard

*Sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwaka wa Bwana 1106*

Kwa dada yangu Imma, shambani kwa baba, kwenye tuta la bahari.

Hii nimeiandika kwa mkono wangu, si kwa karani. Mwombe Padre Boudin akusomee mlango ukiwa umefungwa, na atakachokisoma akiache humo humo chumbani.

Bila shaka umesikia kwamba tangu mavuno ninaitengeneza upya abasia ya Liesvoorde. Nyumba ile ilikuwa imeoza. Kila mtawa na chumba chake, na kikombe chake cha fedha, na mmoja alikuwa na mbwa wa kuwindia. Nimemweka Gozwin awe abati, mkuu wao, kijana niliyemfundisha mwenyewe, na nimewaandikia kanuni isiyo na mlango wa nyuma. Hakuna mali ya mtu binafsi. Hakuna barua wala zawadi kutoka kwa jamaa wa nyumbani. Kwaresima nzima ni kimya, isipokuwa mgonjwa aliye katika chumba cha wagonjwa, yeye anaruhusiwa kusema. Na Folkard wetu yumo humo, kama alivyokuwa humo kwa miaka arobaini na saba.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa mafuriko baba aliapa kwamba maji yasipofika mlangoni atampa Mungu mwanawe wa kwanza. Mwanawe wa kwanza ni mimi. Siku ya kupelekwa nikajificha kwenye zizi la nguruwe la jirani, na baba, kwa aibu ya padre aliyekuwa akingoja kanisani, akamchukua Folkard, miaka sita, akamfunga mkono kwa kitambaa cha altare pamoja na ombi lililoandikwa, akamwachia watawa. Hayo mnayajua wote. Msilolijua ni kwa nini kitinda mimba wetu hakulia. Alfajiri ile nilimwendea kitandani nikamwambia, "Nenda wewe. Kule wanakula mkate mweupe kila siku, na Jumapili utarudi nyumbani." Akanikumbatia kwa furaha. Nilipokuwa shemasi, mwalimu wa watoto wa abasia aliniambia kwamba Folkard alikaa langoni kila Jumapili mpaka Noeli, amevaa viatu.

Nenda kwenye kidirisha cha lango kabla ya Kwaresima, Imma. Muulize kama amenisamehe. Mimi nikienda, nitakwenda na fimbo na pete, naye atapiga magoti kwa sababu kanuni inamwamuru. Msamaha wa mtu aliyepigishwa magoti siutaki. Wewe atakuambia ukweli.

Kaka yako,
Everwin

*Siku ya Mtakatifu Lusia*

Kaka Everwin,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza sikuamini. Mara ya pili nikamwambia Padre Boudin asome polepole, naye akaanza kulia, mzee wa watu, ikabidi nimpe pombe. Sasa hivi anaandika haya huku ananiambia, "Imma, huyu ni askofu, lainisha kidogo." Nimemjibu, "Andika kama nilivyosema, Padre, la sivyo jibini la Pasaka utalisikia harufu tu."

Mkate mweupe! Miaka yote hii nimekutetea. Nimewaambia watu, alikuwa mtoto, aliogopa, nani asingeogopa? Kumbe uliogopa huku akili zako zote zikiwa kichwani.

Na bado hujatosheka. Kila mwaka kabla ya baridi namshonea Folkard koti la ngozi ya kondoo, maana kifua chake ni kibovu tangu utotoni. Mwaka huu nimelipeleka, bawabu akanirudishia kwenye kidirisha. "Kanuni ya Baba Askofu, mama." Nikamuuliza, na lile la mwaka jana? Limechukuliwa likatiwa ghala la wote, na sasa analivaa mpishi, mtu mnene anayeshinda jikoni kwenye moto. Mkuki kwa nguruwe, kaka. Wewe unalala bila manyoya? Nijibu hilo.

Nitakwenda, lakini si kwa ajili yako. Matope yakiganda, gari la ng'ombe likaweza kupita, nitakwenda na nitamuuliza.

Imma, mjane wa Lambrecht

*Liesvoorde, siku ya tano baada ya Epifania*

Baba Askofu mheshimiwa,

Mwanao Gozwin anakusalimu kwa unyenyekevu, na kwa furaha pia. Vikombe vimeuzwa, maskini wamepata mkate. Mbwa ametolewa. Ndugu wawili wamekimbia, thelathini na mmoja wamebaki, na wanaobaki wanaimba vizuri zaidi.

Folkard, mdogo wako, ni mtu mwema lakini mdomo wake haufungi. Nilimkuta bustanini akizisema kabichi: "Nyie mnajifunga vichwa kama matajiri wa mji wa Gent, subirini panya waje." Nikampa adhabu ya kula peke yake. Akanishukuru, akaanza kunieleza jinsi ya kupanda vitunguu. Ndugu wana mzaha wao kwamba siku Folkard akinyamaza, tuchimbe kaburi.

Nina swali moja juu ya kifungu cha tisa. Umeandika: "Mgonjwa akiacha kusema, alazwe sakafuni juu ya majivu, ubao upigwe, ndugu wote wakusanyike, na akishalazwa asiinuliwe tena." Ndugu Tankmar, mzee anayetunza wagonjwa, anasema amewahi kuona walionyamaza wakapona. Je, niongeze maneno "abati akiona vema"? Nangoja neno lako.

Gozwin, asiyestahili kuitwa abati

*Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni*

Mwanangu Gozwin,

Usiongeze neno hata moja.

Nilipokuwa kijana, katika nyumba moja nisiyoitaja, mtawa tajiri alilazwa majivuni mara tatu. Mara tatu akainuka akaomba divai. Mara ya tatu watoto wa kwaya walicheka, na aliyekuwa akiimba zaburi akacheka pia. Kifo si mahali pa kuingia na kutoka. Ukiacha ufa mmoja kwenye tuta, bahari haitaki wa pili. Watu wa pwani tunalijua hilo.

Kuhusu Folkard, usimpendelee kwa sababu ni ndugu yangu. Mtendee kama wengine, au umkazie zaidi kidogo, watu wasije wakasema.

Everwin, askofu

*Jumamosi baada ya Jumatano ya Majivu*

Kaka Everwin,

Nilifika Liesvoorde Jumanne, siku moja kabla lango halijafungwa kwa jamaa za watawa mpaka Pasaka. Nilimwona. Kidirisha ni kidogo, unaona jicho na nusu ya pua. Neno lake la kwanza, "Imma, umenenepa." Nikamwambia, "Na wewe umekonda kama ufito wa uzio, kohoa kule, usinimwagie." Tukacheka mpaka bawabu akatukoholea na yeye. Alizungumza kabichi, akazungumza panya, akazungumza kitanda chake kilicho chini ya dirisha bovu. Kifua kinamkoroma kama sufuria ya uji. Vidole vyake nilivishika kupitia kidirisha, vilikuwa baridi mno.

Swali lako nilimuuliza. Alinijibu. Jibu lake utalipata Pasaka, nikija mwenyewe na jibini. Kabla ya hapo usiniandikie juu yake, sitajibu.

Imma

*Jumanne ya wiki ya pili ya Kwaresima*

Imma, dada yangu,

Umenikataza kuandika na ninaandika. Kama ni hapana, sema hapana. Mimi ni mtu mzima, nimekwisha kusomewa hukumu mbaya mbele ya watu. Hii ya kungoja siiwezi. Ninaadhimisha misa na nikifika pale pa "utusamehe makosa yetu" ulimi unakuwa mzito, shemasi ananitazama. Ulilouliza, uliliuliza kwa ajili yangu. Jibu ni langu.

Manyoya nimeyatoa kitandani. Ulikuwa umeniuliza.

Everwin

*Liesvoorde, Ijumaa ya wiki ya tatu ya Kwaresima*

Baba Askofu mheshimiwa,

Nakuletea msiba, na ndani ya msiba, faraja. Folkard mdogo wako amefariki jana alfajiri, na amekufa kifo ambacho nyumba hii haijawahi kukiona.

Homa ya kifua ilimshika siku ya pili ya Kwaresima, akahamishiwa chumba cha wagonjwa. Na tangu aingie humo, hakusema neno. Yeye! Ndugu walitazamana. Mwanzoni tulidhani ni usingizi. Siku zikapita, kumi na zaidi, naye kimya. Ndugu Tankmar alinionyesha kwa ishara za mikono kwamba homa inashuka, na kweli asubuhi ya Jumatatu alikunywa mchuzi wa vitunguu akamaliza bakuli. Lakini hakusema, na kifungu cha tisa hakizungumzii mchuzi. Mimi mwenyewe sikumuuliza kitu, kwa kuwa ruhusa ya kusema ni ya mgonjwa peke yake, na sikuona vema abati awe wa kwanza kuvunja kimya cha Kwaresima.

Basi Jumatatu, baada ya Masifu ya Asubuhi, tukatandaza majivu na gunia, ubao ukapigwa, ndugu wote wakaja mbio. Alipoona majivu alishtuka. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaweka mkono kifuani, jambo ambalo kwetu ni ishara ya kuomba radhi na kutii, akashuka kitandani akajilaza mwenyewe bila kushikwa. Sijawahi kuona utii wa namna ile. Nililia.

Alidumu siku tatu. Baridi ilikuwa imerudi, maji ya baraka yaliganda kwenye bakuli lake. Tankmar alileta blanketi, nikamwonyesha kanuni, akalirudisha. Tuliimba zaburi kwa zamu bila kukoma. Siku ya pili alianza kutetemeka, siku ya tatu akaacha. Hakusema neno mpaka mwisho.

Nimeandika habari ya kifo hiki chema na kuituma kwa nyumba nne zilizopokea kanuni yako, isomwe wakati wa chakula, ili wengine wajifunze. Natumaini nimefanya sawa.

Gozwin

*Jumapili ya nne ya Kwaresima*

Imma,

Folkard amekufa. Padre Boudin akusomee barua ya abati, nimeiambatisha yote.

Alikufa bila neno. Alikuwa na ruhusa ya kusema, siku zote zile, na watu wangeniletea lolote ambalo angelisema. Hakutaka. Sasa nalijua jibu ulilolificha, na najua kwa nini ulilificha. Ulikuwa unanihurumia. Asante, dada yangu. Nilimfanya akae langoni na viatu vyake, naye ameniacha langoni na mimi. Ni haki yake.

Everwin

*Siku ya Kupashwa Habari Maria*

Everwin,

Usinishukuru. Nakuomba usinishukuru.

Padre Boudin aliposoma pale pa mchuzi nilimwambia anyamaze. Nikatoka nje nikakaa na kondoo. Sasa nimerudi, na nimemwambia aandike kila kitu, asilainishe.

Sikuwa ninakuhurumia. Nilikuwa na hasira. Nilivishika vidole vyake vya baridi nikafikiria lile koti mgongoni mwa mpishi, na nikasema moyoni, acha askofu naye akae na moto wake siku arobaini, haitamuua. Ndiyo sababu sikukuambia. Hakuna nyingine.

Hivi ndivyo alivyosema, neno kwa neno, maana nimelirudia kichwani kila siku. Nilimwambia habari ya mkate. Akacheka, akakohoa, akasema, "Kumbe bado anaibeba hiyo? Mwambie mkate mweupe niliula, siku ya Pasaka ya kwanza, na haukuwa na ladha yoyote. Nilimkasirikia mpaka nilipoota ndevu, halafu nikachoka. Sina kinyongo naye, Imma. Angekuja yeye huku angekufa kwa kuchoka, hajui hata kupanda kitunguu."

Kisha akasema, "Lakini Everwin haamini neno mpaka alione limetendeka, tangu zamani yuko hivyo. Basi mwambie hivi. Kwaresima hii nitakishika kimya chake chote, siku zote arobaini, hata wakinipeleka kwa wagonjwa ambako ninaruhusiwa kusema. Mimi, Folkard! Akisikia nimeweza, atajua ni zawadi yangu kwake, na kwamba yameisha." Nikamwambia, "Hutaweza hata siku mbili." Akasema, "Utaona. Ila mwambie Everwin amwandikie abati mapema, asishangae. Nikimwambia mimi mwenyewe atasema ni majivuno atanikataza. Neno likitoka kwa askofu hatabisha. Usisahau hilo, Imma, maana hawa nikinyamaza watanichimbia kaburi." Na alikuwa anacheka aliposema hivyo.

Sikusahau. Ningesahau ingekuwa nafuu.

Nilijua alikuwa amelala humo ananyamaza kwa ajili yako. Nilipopata barua yako ya wiki ya pili, unaniomba, nilikuwa na siku tano au sita za kumwokoa. Niliitia nyuma ya chungu cha chumvi. Nilisema, bado. Maji yamemwagika, Everwin, na aliyeyamwaga ni mimi. Alikunywa mchuzi akamaliza bakuli. Alikuwa anapona.

Sikuombi kitu.

Imma

*Jumapili ya Mateso*

Imma,

Kanuni niliiandika mimi. Abati aliniuliza mapema kama aongeze maneno matatu, nikamkataza. Tankmar alileta blanketi, likarudishwa kwa amri yangu. Wewe ulinyamaza siku ishirini na moja ukiwa na hasira ya haki. Siwezi kusema haikuuma, nilipoisoma barua yako niliitupa chini. Halafu nikaiokota.

Jina lako sitalitaja kwa mtu, na Padre Boudin amwogope Mungu afanye vivyo hivyo. Ichome barua hii. Usijifungie ndani. Kondoo wanazaa majira haya, wanakuhitaji.

Everwin

*Siku hiyo hiyo*

Kwa Gozwin, abati wa Liesvoorde, na nyumba nne zilizopokea kanuni. Isomwe kwa sauti wakati wa chakula, badala ya habari ya kifo cha Folkard, ambayo naamuru irudishwe kwangu.

Folkard hakuwa anakufa. Alikuwa ameahidi kushika kimya cha Kwaresima yote, kama zawadi kwangu mimi, kaka yake, niliyemkosea utotoni. Aliomba nimjulishe abati ili asidhaniwe mahututi. Ujumbe ule ulikuwa wa kwangu kuufikisha, na haukufika. Msiulize zaidi ya hapo, kosa ni langu.

Mlipomwonyesha majivu alielewa mlichodhani. Angeweza kusema neno moja akapona. Nadhani aliwaza kwamba akisema, zawadi itavunjika, na kwamba nyinyi mnafanya kwa amri yangu, na mimi lazima nimekwisha kujua. Sina hakika. Nitaiwaza mpaka nife. Aliweka mkono kifuani akiomba radhi, na sisi ndio tuliopaswa kumwomba.

Wewe Gozwin, hukukosea. Ulitenda nilichoandika, na uliniuliza kabla, nami nikakujibu kwa majivuno. Nakukataza kujipa adhabu yoyote. Mwombe radhi Ndugu Tankmar, kwa mdomo, hata kama bado ni Kwaresima.

Aliyeahidiwa kwa nyumba yenu tangu mwanzo alikuwa mimi. Nimewaandikia wenye mamlaka kwamba ninaiacha fimbo. Baada ya Pasaka nitakuja Liesvoorde kwa miguu, na ninaomba nipokelewe kama mtawa wa mwisho. Kitanda cha chini ya dirisha bovu kiko wazi. Dirisha lisitengenezwe kwa ajili yangu, ila likitengenezwa kwa ajili ya atakayekuja baada yangu sitakataa. Makoti ya ngozi yatolewe ghalani leo, apewe kila mwenye kifua kibaya.

Kifungu cha tisa kifutwe, na mahali pake paandikwe hivi:

Mgonjwa akinyamaza, aulizwe. Asipojibu, ashikwe mkono, aulizwe tena.

Everwin, ndugu yake Folkard